Samoni Aliyepimwa kwa Futi ya Mama

Kila Jumapili baada ya ibada, Jovia na baba yake walipanda treni ya chini ya ardhi kutoka mtaani kwao Hallonbergen hadi katikati ya Stockholm, Uswidi. Huko waliteremka na fimbo zao za kuvulia mpaka chini ya daraja, mahali ambapo maji ya ziwa hukimbilia baharini. Ilikuwa Septemba mwaka 1986, na Jovia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Chama cha vijana wavuvi kilikuwa kimeahidi safari ya wiki moja kwenye mto wa kaskazini kwa kijana atakayevua samoni mzito kuliko wote. Jovia aliitaka safari ile kufa na kupona.

Samoni hawakupimwa kwa mizani, maana walirudishwa majini wakiwa hai. Mvuvi aliandika urefu kwenye fomu, mtu mzima akatia sahihi, kisha uzito ukakadiriwa: urefu mara urefu mara urefu, gawanya kwa mia, unapata gramu.

Jumapili ile samoni alinasa. Baba yake, Mzee Erukana, alimshikilia kwenye wavu, naye Jovia akatoa mfukoni futi ya mama yake, fundi cherehani, ule utepe laini wa kupimia nguo. Alimpima samaki kama mama alivyowapima wateja wake, akiilaza futi mwilini na kulifuata tumbo lote, kuanzia puani hadi mkiani. Sentimita themanini na nane. Mgongoni samaki alikuwa na kipande kidogo cha plastiki chenye namba, alichotiwa na watafiti wa samaki, Jovia akainakili namba hiyo kwenye fomu. Kisha samaki akapiga mkia na kupotelea kwenye maji meusi.

"Ngapi?" baba akauliza.

"Åttioåtta," Jovia akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake.

Baba akatia sahihi bila kuitazama futi.

Ndani ya treni Jovia alipiga hesabu. Kilo sita na gramu mia nane! Rafiki yake Namubiru, aliyekuwa akiongoza, alivua wa sentimita themanini na sita tu. Alipoigeuza fomu akakuta maandishi madogo: "Pima kwa mstari ulionyooka. Usifuate tumbo." Yeye alikuwa amelifuata tumbo lote. Samaki alikwisha kwenda zake, na hakuna aliyeona. Jovia akaifunga fomu ndani ya bahasha, na kesho yake akaitia kwenye sanduku la posta.

Tangu hapo hakuwa na raha. Simu ikilia, alidhani ni watu wa chama. Namubiru alimpongeza shuleni kwa roho safi, naye akamkwepa siku nzima. Kila alipofumba macho alimwona yule samoni akizunguka chini ya mji na namba yake mgongoni.

Alhamisi jioni katibu wa chama alipiga simu, baba akaipokea. Alirudi mezani akitabasamu.

"Jovia, samoni wako kavuliwa tena, palepale darajani. Namba ni ileile. Mzee aliyemvua amempima kwenye ubao wa kupimia samaki, akaandika urefu kwenye kadi na kuifunga. Jumamosi, kwenye mkutano wa chama, katibu ataifungua mbele ya wote."

"Amesema ni ngapi?"

"Sikuuliza. Ya nini? Mimi si nimetia sahihi?"

Maneno hayo yalimchoma Jovia kuliko kofi. Ijumaa, alipomkuta baba akipiga viatu rangi kwa ajili ya mkutano, alishindwa kuvumilia. Alisema yote, tena kwa Kiswahili.

Baba aliweka brashi chini.

"Kule Uganda nilikuwa mpima kahawa ghalani," alisema. "Wanajeshi walileta magunia nusu, wakataka niandike yamejaa. Nilikataa, ikabidi nikimbie. Nilifika nchi hii na shati moja na sahihi yangu. Shati lilichakaa zamani."

Jovia alilia kwa aibu.

Jumamosi, kabla kadi haijafunguliwa, alisimama mbele ya watu akaeleza alivyopima na alivyonyamaza. Katibu akafungua kadi: themanini na nne. Kilo tano na gramu mia tisa. Fomu ya Jovia ikafutwa, na safari akapewa Namubiru. Mzee Erukana aliomba kalamu, akaikata sahihi yake mwenyewe kwa mstari mmoja.

Njiani kuelekea kituoni baba akasimama.

"Mwanangu, futi ilikosea sentimita nne tu, na hilo ningelicheka. Wewe ulijua ukanyamaza siku tano, na hapo ndipo uliponiumiza. Kosa ukilitambua, liseme siku hiyohiyo, likiwa bado dogo. Mimi nami nilikosa, nilitia sahihi kitu ambacho sikukiona." Akamshika bega. "Jumapili ijayo nitatia sahihi tena. Ila kwanza nitapima mwenyewe."