Upinde wa Bibi Vieno

Jumamosi za kiangazi, Aila Kangas na shangazi yake Lempi hawakuwa watu wa kulala hadi jua liwake. Shangazi alijaza kahawa kwenye chupa, akakata mkate wa iliki vipande vinene, kisha wakaingia kwenye gari lao kuukuu na kufuata vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme. Kila kibao kilielekeza kwenye nyumba iliyotandaza vitu vyake uani ili viuzwe. Shangazi alitafuta vyombo vya udongo. Aila alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, tena mwanachama wa klabu ya upinde shuleni, kwa hiyo alitafuta upinde wa zamani. Hakuwa amewahi kuupata. Mara nyingi aliambulia kiatu kimoja cha kutelezea barafuni, mwenzake hajulikani aliko.

Asubuhi hiyo kibao kiliwafikisha kwenye nyumba ya manjano ya Bibi Vieno Koskela, mjane aliyekuwa mkutubi wa mji wao mdogo wa Harjula kwa miaka mingi.

"Vieno anauza vitu?" Shangazi alizima gari bila kushuka. "Mwanamke huyu hatupi hata birika lililotoboka."

Uani palikuwa na meza zilizojaa vikombe vya maua ya bluu, mazulia ya kufumwa na vitabu. Bibi Vieno hakuwepo. Nyuma ya meza alikaa mwanamume mrefu mwenye shati la miraba, ambaye Aila hakuwahi kumwona. Gari lililoegeshwa kando lilikuwa na namba za Ohio, jimbo la mbali.

Shangazi alienda kwenye vikombe. Aila alizunguka mpaka kwenye pipa lililotiwa fimbo za kutelezea theluji, na hapo moyo wake ukaruka. Katikati ya zile fimbo ulisimama upinde wa mbao nyekundu, umeng'aa kwa kushikwashikwa. Pembeni yake palikuwa na podo la ngozi lenye mishale ya mti wa mwerezi, manyoya ya bata mzinga bado yamo, na kilinda mkono kilichoshonwa herufi mbili: V.K.

Aliutoa upinde taratibu, akauangalia, akakunja uso. Ulikuwa umefungwa kamba kinyume. Upinde wa aina ile ncha zake hujikunja kwenda mbele, mbali na mpigaji. Aliyeufunga alikuwa ameukunja upande usio wake, na ukiachwa hivyo ungeweza kupasuka. Mwenye upinde hawezi kufanya hivyo hata akiwa usingizini.

"Huu ni wa nani?" aliuliza.

Yule mwanamume aliinua macho. "Wa familia."

"Familia gani?"

"Binti, unauliza ununue, au unauliza tu?"

"Bibi Vieno yuko wapi?"

Mwanamume alianza kupanga upya vitabu vilivyokuwa vimepangika vizuri. "Hayupo."

"Atarudi lini?"

"Nimeshakwambia hayupo," alisema, akainuka na kuingia ndani. Pazia la dirishani lilisogea kidogo, kisha likatulia.

Aila aliifungua ile kamba ili upinde upumue, akaurudisha pipani. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakugusa mkate wake. Mtu mgeni, gari la mbali, vitu vya Bibi Vieno mezani na mwenyewe haonekani. Alipomweleza shangazi, shangazi alisema, "Ni ajabu kweli. Nikimaliza kazi zangu nitakwenda nimuulize yule bwana vizuri."

Lakini Aila hakuweza kungoja. Alipanda baiskeli hadi kwa rafiki yake Jolene, aliyekuwa akiosha mbwa bombani.

"Yule mtu ni mwizi," Aila alisema. "Anauza vitu vya Bibi Vieno, na hataki kusema yuko wapi."

Jolene aliliacha bomba likimwagika. "Amemfungia ndani?"

"Sijui. Pazia lilisogea."

"Kwa hiyo amemfungia," Jolene alisema, akakimbilia jikoni kwa mama yake huku mbwa akibaki na povu.

Aila alipopita tena mtaa ule mchana, alidhani amekosea njia. Watu walikuwa wamejaa uani, lakini hakuna aliyekuwa akinunua. Mwanamke mmoja alibeba zulia akisema, "Namhifadhia Vieno mpaka apatikane." Mwingine aliondoka na vikombe. Kwenye kibao cha mauzo mtu alikuwa ameandika MWIZI kwa rangi nyeusi, na gurudumu la gari la Ohio lilikuwa limelala chini, halina upepo. Yule mwanamume alisimama mlangoni na mikono yake imelegea.

"Sema umemfanya nini yule mama," sauti ya kiume ilimtaka.

"Yuko salama," alijibu. "Sina zaidi ya hilo la kuwaambia."

Polisi alifika, akaingia ndani pamoja naye, akatoka na kuwaamuru watu watawanyike. Alisema ameonyeshwa karatasi, na hapakuwa na kosa lolote. Walitawanyika wakinong'ona, na vitu walivyobeba wakaondoka navyo. Aila alitazama kwenye pipa. Upinde haukuwepo.

Shangazi Lempi, aliyekuwa amefika kuuliza kama alivyoahidi, alimsogelea na kumtazama usoni.

"Aila. Nani alianzisha haya?"

Alitamani kusema Jolene, au mama yake Jolene. "Mimi," alisema. "Nilisema ni mwizi."

"Ulijua?"

"Nilidhani."

"Basi twende ukamwambie yeye, si mimi."

Mwanamume alikuwa akirudisha vitabu kwenye maboksi. Aila alisema yote bila kumtazama, na alipomaliza alitegemea kufokewa. Yule mtu alikaa tu kwenye ngazi.

"Ulikuwa na haki ya kunishuku," alisema hatimaye. "Nilikujibu vibaya, kisha nikakuchungulia nyuma ya pazia. Naitwa Wendell. Vieno ni dada wa mama yangu. Alipata kiharusi nilipokuja kumtembelea majira ya kuchipua. Mdomo umekwenda upande na maneno yanampotea. Alinishika mkono akaniapisha nisimwambie mtu yeyote hapa. Hataki wamwone hivyo. Hata nyinyi nawaambia kwa sababu nimechoka."

Shangazi alijishika kifua. "Maskini Vieno."

"Hawezi tena kupanda ngazi. Amehamia chumba kimoja kwenye nyumba ya wazee, akaniambia niuze vyote isipokuwa fimbo. Kila siku fimbo, fimbo. Nimempelekea mkongojo wake, ameutupa sakafuni akalia. Sijui anataka fimbo ipi."

Aila aliinua kichwa. "Klabuni kwetu wapiga upinde wa zamani huuita upinde fimbo. Kocha wetu husema, leteni fimbo zenu."

Wendell aligeuka kutazama pipa, akafumba macho. "Nami niliuweka nje na vitu vya kuuzwa."

"Nitautafuta," Aila alisema.

"Utakwenda nyumba kwa nyumba," shangazi alimwambia. "Utasema ulikosea. Na siri ya Vieno utaiacha ilipo. Hukupewa wewe uigawe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Katika kila mlango Aila alisema maneno yale yale: alikuwa amesema jambo asilolijua, yule bwana si mwizi, tafadhali rudisheni vitu. Wengine walimpa kimya kimya. Wengine walimbana.

"Kama si mwizi, Vieno yuko wapi?" mama yake Jolene aliuliza, amekunja mikono kifuani.

"Siwezi kusema."

"Asubuhi mdomo ulikuwa mwepesi, jioni umekuwa mzito?"

Masikio ya Aila yaliwaka moto. Sentensi moja tu ingetosha wote wamwelewe na kumhurumia Wendell. Aliimeza. "Ndiyo, mama. Asubuhi nilikosea."

Mzee Eino, mwenye duka la chambo, alimsikiliza hadi mwisho. Aliingia nyuma ya majokofu, akarudi na upinde, podo na kilinda mkono, amevifunga kwenye blanketi.

"Nilimchukulia Vieno," alisema kwa aibu. "Huyo mama alikuwa akitushinda sote kwenye mashindano ya kaunti. Mwambie yule bwana gurudumu lake nitalijaza mimi. Nilimwona aliyelitoa upepo nikanyamaza."

Kesho yake Bibi Vieno alikubali kumwona mtu mmoja tu kutoka Harjula: msichana aliyeupata upinde. Alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha la chumba chake kwenye nyumba ya wazee, mdogo kuliko Aila alivyomkumbuka, shavu moja limelegea. Aila aliuweka upinde mapajani mwake. Mkono wa bibi uliobaki mzima ulipapasa mbao kutoka ncha hadi ncha, ukasimama kwenye mshikio, na vidole vikajipanga pale vyenyewe.

"Fimbo," alisema. Akapumua, akalitafuta neno jingine kwa muda mrefu, na Wendell hakumsaidia. "Ya... yangu."

Alipotoka, Aila aliingia garini, ambamo shangazi alikuwa akimngoja. Shangazi hakuwasha gari.

"Kuna jambo bado linakusumbua."

"Kama nisingeshuku," Aila alisema taratibu, "upinde ungeuzwa. Lakini kwa sababu nilishuku, Wendell aliitwa mwizi. Sasa nilitakiwa nifanye nini?"

"Kushuku hakukuwa kosa lako," Shangazi Lempi alisema. "Macho yako yaliona vizuri, kulikuwa na jambo lisilo sawa pale, na mtu mzima akipotea lazima mtu aulize. Lakini ulikuwa na swali, mwanangu, ukalipeleka kwa Jolene likiwa limegeuka jibu. Ukishuku, sema unashuku, na umwambie anayeweza kutafuta ukweli. Usimpe mtu jina ambalo hujui kama ni lake, maana kulitoa kinywani ni kitambo kidogo, na kulirudisha umeona mwenyewe ni milango mingapi."

Aila aliangalia vifundo vya vidole vyake, bado vyekundu kwa kubisha hodi. "Na kuna nyumba mbili ambazo hawakufungua," alisema.

"Basi tuanzie huko," shangazi akajibu, akawasha gari.