Gauni la Rangi ya Bizari

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama alimshika Mdogo kidevu.

Alimvuta mpaka dirishani. Alimgeuza uso huku, akamgeuza kule, kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

"Fungua macho," alisema.

"Yako wazi, Mama."

"Yafungue zaidi. Toa ulimi."

Mdogo akatoa ulimi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na urefu wa kugusa taa ya sebuleni bila kupanda kiti. Lakini nyumbani walizaliwa wawili, Dada na Mdogo, na jina likamganda.

"Nikitoa ulimi hivi kazini watanifukuza," alisema.

Mama hakucheka. Zamani angecheka.

"Una umanjano. Hapa, kwenye taya. Na chini ya macho pameingia giza."

Kisha alikaa mbele ya kikombe chake. Hakukigusa. Chai ikapoa, ikafanya utando juu. Mdogo alipotoka kwenda kazini, kikombe kilikuwa kimejaa vilevile.

Dada alikuwa amefariki miezi tisa nyuma. Ugonjwa wa ini ulimchukua. Nao ulianza hivyohivyo, asubuhi moja dirishani. Mama aliona uso wa binti yake umebadilika rangi, akajiambia ni uchovu. Hakusahau kwamba alijiambia hivyo.

Baada ya mazishi, nguo za Dada zilikuja kwa Mdogo. Zilikuwa magauni kumi na moja na vitambaa vitatu vya kichwa. Dada alipenda rangi za moto: bizari, kutu, machungwa, kahawia. Akiingia chumbani na gauni lake la bizari, ungedhani mtu amefungua pazia. Mdogo alizipeleka kwa fundi wa jirani, zikashushwa pindo. Nguo zake mwenyewe alizifungia kwenye sanduku chini ya kitanda. Tangu siku hiyo hakuvaa nyingine.

Mdogo alifanya kazi kwenye ofisi ya vifurushi. Alipokea mzigo, akaupima kwenye mizani, akaubandika karatasi. Mwenzake wa dirisha la pili aligonga mihuri, na kwa sababu hiyo wote walimwita Muhuri.

"Dada yangu, jana ulilala kweli?" Muhuri aliuliza. "Umekuwa kama bahasha iliyonyeshewa."

"Nililala saa nane nzima."

"Basi kitanda hicho kirudishe dukani."

Wateja nao walikuwa na huruma nyingi kupita kiasi. Bibi mmoja alimwangalia kwa muda mrefu, akasema, "Pole kwa kuumwa, mwanangu."

"Siumwi, Bibi."

"Aa. Basi pole kwa kazi."

Mdogo hakupuuza. Alikwenda hospitali. Muuguzi alimtoa damu, akamwambia arudi baada ya wiki moja. Aliporudi, Mama alikuwa pamoja naye, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Ini lako ni zima," muuguzi alisema. "Damu inatosha. Umanjano wa ini huonekana mapema kwenye weupe wa macho, na macho yako ni meupe kabisa. Umefanya vizuri kuja. Kwa kuwa nyumbani mlipata mgonjwa wa ini, rudi tena baada ya miezi sita tuangalie."

Mdogo alishusha pumzi. Mama hakushusha.

Njiani alisema, "Hata Dada yako waliniambia ni mzima. Waliniambia mara mbili."

Aliubana mkoba kifuani mpaka wakafika nyumbani.

Basi ukaguzi wa asubuhi uliendelea. Na Mdogo, ambaye mwanzoni alitania, sasa alianza kusadiki. Alipanda ngazi za ofisini polepole. Alijibonyeza ubavuni akiwa peke yake. Alijitazama kwenye kioo cha chooni, chini ya ile taa ndefu nyeupe, akaona alichokiona Mama: taya la manjano, macho yaliyozama, midomo ya majivu.

Lakini aliyekuwa anakonda ni Mama. Gauni lake lilimning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari. Sahani yake ilirudi jikoni na chakula. Katika nyumba ile, aliyekuwa akiisha si yule aliyekaguliwa. Mdogo aliliona hilo, likamtisha kuliko ubavu wake.

"Mama, kula. Nakuomba."

"Nitakula ukipona."

"Na kama siumwi?"

Mama aliisukuma sahani kando.

Jumamosi moja gauni la bizari lilinasa kwenye ukingo wa mizani, likachanika begani. Kazi ilipokwisha, saa sita mchana, Mdogo alipita kwa fundi.

Fundi huyu alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye cherehani mbili na ulimi mmoja uliofanya kazi kuliko cherehani zote mbili. Mtaani walimwita Mama Pindo. Usingeweza kupita mbele yake na pindo lililofumuka akakuacha salama.

"Karibu, mlingoti," alisema. "Vua hilo gauni nyuma ya pazia. Jifunge hiki usije ukanitia aibu kwa wateja."

Alimrushia kitambaa kizito cha buluu, kilichobaki kwenye sare za kwaya. Mdogo alijifunga kuanzia mabegani, akavua na kitambaa cha kichwa, akatoka kukaa kwenye kibao karibu na mlango.

Mama Pindo alitunga uzi. Akainua macho amwulize jambo. Mkono wake ukasimama hewani na sindano.

"Simama," alisema. "Njoo hapa mlangoni."

"Nimefanya nini tena?"

"Njoo kwanza. Umejipaka kitu usoni?"

"Sijajipaka kitu."

"Vizuri. Usiingie juani, simama hapahapa kwenye mwanga wa kawaida. Shika kioo." Alichukua lile gauni la bizari, akaliweka chini ya kidevu cha Mdogo, juu ya ile buluu. "Tazama. Usiitazame nguo! Kila mtu hutazama nguo. Tazama uso. Chini ya macho kukoje?"

"Kuna giza."

"Kwenye taya?"

"Umanjano."

Mama Pindo akaliondoa gauni. Ikabaki buluu peke yake.

"Na sasa?"

Mdogo alikisogeza kioo karibu. Giza chini ya macho lilikuwa limepungua. Taya lilikuwa safi, jeusi, linang'aa. Midomo ilikuwa na damu. Aliligusa shavu lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Fanya tena," alisema kwa sauti ndogo.

Walifanya tena. Gauni likarudi, na ugonjwa ukarudi. Gauni likaondoka, na ugonjwa ukaondoka.

"Hujaugua wewe," Mama Pindo alisema. "Unavaa rangi isiyo yako. Nguo iliyo karibu na shingo hutupa rangi yake usoni, kama ukuta uliopakwa rangi unavyotupa rangi kwenye shuka jeupe. Bizari inakumwagia umanjano."

"Mbona Dada ilimpendeza? Sisi ni baba mmoja, mama mmoja."

"Na vidole vyako je, si vya mkono mmoja? Sikiliza. Dada yako alikuwa maji ya kunde, na chini ya ngozi yake kulikuwa na wekundu wa moto. Bizari, kutu, machungwa, hizo zilikuwa ndugu zake. Wewe ni mweusi, na chini ya weusi wako kuna buluu, kama wino. Usidhani ni habari ya weusi na weupe. Yuko mweusi wa moto, yuko mweupe wa buluu. Na usije ukadanganywa na mtu wa kuuza dawa za kubadilisha ngozi. Ngozi haina kosa. Kinachobadilishwa ni nguo."

"Nitajuaje iliyo yangu?"

"Kwa macho, hakuna uchawi. Osha uso. Funika nguo uliyovaa kwa shuka jeupe. Kaa karibu na dirisha mchana, si chini ya taa. Weka vitambaa kimoja kimoja chini ya kidevu. Uso ukiamka, hicho ni chako. Ukiona nguo kwanza na mtu baadaye, kiache."

Alifungua kapu lake la vipande. Walijaribu kijani cha majani makavu, uso ukalala. Walijaribu zambarau, ukaamka. Kahawia, ukalala. Damu ya mzee, ukaamka kabisa. Nyeupe ya maziwa ilimfifisha, lakini nyeupe kali ya shuka jipya ilimkaa vizuri.

Mdogo alishusha kioo.

"Sitaziacha nguo za Dada," alisema. "Nikizivua ni kama namzika mara ya pili."

Mama Pindo alikaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani.

"Mimi ndiye niliyezishusha pindo," alisema. "Nilipima urefu, sikuangalia uso. Na kosa lile nilikwisha kulifanya kabla yako. Mume wangu alipofariki, nilivaa makoti yake ya kijivu mwaka mzima. Watu wakaanza kuniletea uji wakidhani naumwa. Nani kasema uziache? Rangi huumiza karibu na uso. Kiunoni haina neno. Nitayakata magauni haya yawe sketi. Juu utavaa blauzi ya rangi yako. Lile utakalotaka libaki gauni, nitalitia kola pana ya buluu. Dada yako atatembea nawe. Ila asikae kidevuni."

Mdogo alicheka, kisha akalia. Kisha akasema, "Tatizo ni Mama. Hatakusadiki. Hata hospitali hakuisadiki."

"Sitaki anisadiki mimi. Mwite ajionee."

Mama alikuja, mkoba mikononi. Alikaa pale mlangoni. Mama Pindo hakumhubiria. Alimketisha Mdogo mbele yake, akamfunika shuka jeupe, akampa Mama vipande viwili, cha bizari na cha buluu.

"Jirani yangu, shika wewe. Weka hiki, halafu kile. Mimi sisemi kitu."

"Wewe usiseme kitu?" Mama alisema. "Hilo nalo nilione."

Aliweka bizari. Macho yake yakaenda palepale yalipozoea kwenda, kwenye taya. Mdomo wake ukakaza.

"Si unaona? Huu hapa umanjano."

"Weka kile kingine," Mdogo alisema.

Mama aliweka buluu. Akaiondoa haraka, kama aliyeungua. Akaweka bizari. Akaondoa. Akaweka buluu. Alifanya hivyo mara nne, mara tano. Mara ya sita aliondoa vyote viwili, akamfunua Mdogo kope kwa kidole gumba, akayatazama macho ya mwanawe kwa muda mrefu.

"Meupe," alisema.

"Meupe, Mama. Yule muuguzi alikwambia."

"Kwa Dada yako nilichelewa kuangalia. Nikasema kwako sitachelewa." Alikitazama kipande cha bizari mkononi. "Kumbe miezi yote hii nakagua gauni."

Mama Pindo aligeukia cherehani yake, akazungusha gurudumu bila uzi wala kitambaa, ili asiwe anawasikiliza.

Baadaye Mama aliuliza, akiwa bado ameshika kile kipande cha bizari, "Sasa nitajuaje akiugua kweli?"

"Ukimwona amebadilika uso, mwondolee nguo ya shingoni, mweke penye mwanga, mtazame weupe wa macho," Mama Pindo alisema. "Ukibaki na shaka, mpeleke hospitali. Nguo haiponyi mtu. Nguo inaweza tu kusema uongo au kusema kweli."

Wiki ile Mdogo alitoa sanduku chini ya kitanda. Ndani alikuta blauzi zake mbili, moja ya zambarau, moja ya damu ya mzee. Mama Pindo alikata sketi sita. Gauni la bizari alilirekebisha mwisho. Alishona bega lililochanika, akatia kola pana ya ile buluu ya kwaya.

Ofisini Muhuri alimtazama, akasahau kugonga.

"Kitanda umekirudisha dukani?" aliuliza.

"Nimekitia kola," Mdogo alisema, akaweka kifurushi kwenye mizani.

Miezi sita ilipotimia, mama na mwana walirudi hospitali kama walivyoambiwa. Majibu yalikuwa mazuri tena. Safari hii walishusha pumzi wote wawili.

Lakini asubuhi ambayo Mdogo huikumbuka zaidi ni ile ya kwanza ya gauni lenye kola. Alitoka chumbani, akamkuta Mama dirishani. Mama akanyoosha mkono. Mdogo alisogea kama kila siku, akainamisha kichwa, akatoa ulimi kabla hajaambiwa.

"Rudisha ulimi wako," Mama alisema. "Nani kakuomba?"

Mkono wake haukwenda kidevuni. Ulikwenda kwenye kola, ukainyoosha upande wa kushoto, ukainyoosha upande wa kulia. Kisha ukashuka mpaka kwenye ile bizari ya kiunoni, ukatulia hapo kidogo.

"Utachelewa kazini," alisema.

Akaketi, akavuta kikombe chake. Alikinywa chote, chai ikiwa bado ya moto.