Kivuko cha Pili

"Kivuko kimetoka Port Fouad. Dakika nne," sauti ya Wagdi ilikoroma redioni kutoka juu ya gati.

Inshirah alikuwa mtegua mabomu wa polisi. Alikuwa amepiga magoti chini ya gati la Port Said, bastola ya Beretta kiunoni, koleo mkononi. Mbele yake kisanduku cha bati chenye kilo tisa za baruti. Nyaya tatu, zote nyeusi. Mmoja wa kuzima. Mbili za kuua.

Shauqi, fundi aliyekiunda, alikuwa amefungwa pingu kwenye bomba. Alitabasamu. Inshirah alimchukia zaidi kwa tabasamu lile kuliko kwa baruti yake.

"Tulia, mama. Kinahesabu vivuko vinavyogota gati. Kikigota cha kumi na sita, hesabu inarudi sifuri, ndipo kinalipuka. Mawaziri wako wanapanda saa sita. Mpaka sasa kimegota kimoja tu."

"Waya upi?"

"Niulize saa sita."

Inshirah alimulika ndani kwa tochi. Akasoma namba mgongoni mwa chipu ya kuhesabu. 7493.

Akamgeukia Shauqi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Sokoni Cairo. Niliyoitaka iliisha. Hata hii inahesabu vilevile."

"Vilevile? Ile uliyoitaka, tarakimu zote hugeuka kwa mpigo mmoja, kama safu nyuma ya imamu. Hii ni waashi wanaopokezana matofali. Mpaka wa kwanza ageuke, ndipo wa pili ashtuke."

"Unapita muda gani hapo? Hata kope hupepesi!"

"Mimi sioni. Kisanduku chako kinaona. Na kufuli yake ya usalama ilishafunguka kivuko cha kwanza kilipogota. Haya, toka moja nenda mbili; kwa chipu, toka 01 nenda 10. Tarakimu ya kwanza, ya kulia, imeshuka. Ya pili bado haijapanda. Hapo katikati pana nini, bwana mhandisi?"

Tabasamu likakauka.

"Sifuri," alinong'ona. "Zote sifuri."

"Dakika moja!" Wagdi alifoka. "Nahodha haitikii!"

Shauqi alivuta pingu mpaka damu ikatoka. "Mke wangu yumo! Mimi ndiye niliyemwambia apande cha pili. Nilimwambia asithubutu kuchelewa!"

"Waya."

"Wa kati! Wallahi, wa kati!"

Inshirah alikata.

Gati lilitikisika. Kivuko kiligota.

Kimya.

Kisha nyayo za mamia ya watu zikapita juu ya vichwa vyao, wakicheka, wakigombana, wakiwahi kazini. Shauqi alilia bila aibu.

"Usimwambie, afande. Nakusihi."

Inshirah alijifuta grisi, akapanda ngazi. Wagdi alikuwa anashuka na askari wawili. Juu, kwenye jua, alisimama mwanamke mwenye kikapu cha chakula, akiangaza huku na huku.

"Samahani, dada. Umemwona fundi Shauqi? Nimemletea maharage yake, yanapoa."

"Yuko chini."

"Mzima?"

"Mzima. Muulize kwa nini alikuchagulia kivuko cha pili."

Akawasha sigara, akaenda zake bila kugeuka.