Mama Mkwe Aliyekatazwa Ufagio

Kila asubuhi Fransiska alichemsha chai ya maziwa na kufagia uwanja. Kisha alimwekea mama mkwe wake mto kwenye kochi.

"Mama, kaa hapa. Usiguse kitu."

Bibi Kaanaeli alikaa. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Mwanawe, Elihuruma, ndiye mume wa Fransiska. Alimleta mama yake mjini Sombetini kutoka kijijini Machame ili apumzike. Kule Machame alikata majani ya ng'ombe, akabeba ndizi, akapanda mlima kwenda kanisani. Hapa kazi yake ilikuwa kutazama runinga.

Baada ya miezi mitatu alichoka kuliko alivyowahi kuchoka shambani. Mchana alisinzia, usiku akakosa usingizi. Chakula aliacha nusu. Hospitali walimpima presha na sukari. Hawakuona ugonjwa.

"Elihuruma, Jumamosi nirudishe Machame," alisema. "Hapa naisha."

Fransiska alilia jikoni. Watu watasema amemfukuza mama mkwe.

Jioni alipita Nosim, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuuliza. Leo umefanya nini?"

"Nimekaa."

"Na jana?"

"Jana nilikaa zaidi."

Nosim alicheka. Akamgeukia Fransiska. "Mbona hafagii hata kibarazani?"

"Dada Nosim, majirani wakimwona ameshika ufagio, mimi nitaonekana mkwe wa namna gani?"

"Nakuelewa. Unamheshimu. Lakini mwili ukikaa kutwa, misuli inalegea. Hata kusimama kunachosha. Usingizi unapungua, na mtu anakosa raha. Kujongea kidogo kunaamsha mwili na kuchangamsha akili."

"Uzee huu, nikimbie?" Bibi aliuliza.

"Hapana. Inuka kwenye kiti, kaa tena. Mara tano, taratibu. Tumia kile cha mbao, hilo kochi linakumeza. Ukisikia kizunguzungu au kifua kubana, acha, uniite."

Bibi aliinuka. Mara ya tatu alihema. Mara ya tano akasema, "Kumbe magoti bado yapo!"

"Kesho tembeeni wawili, wewe na Fransiska, mpaka kona. Kesho kutwa, mbele kidogo. Na ukitazama runinga, kila tangazo likija, simama."

"Nitajaribu wiki mbili," Bibi alisema. "Nikiendelea kuisha, naondoka."

Siku ya kwanza alifika kona, akarudi ameshika ukuta. Kisha mvua ilinyesha siku mbili. Hakutoka, bali alizunguka meza huku akiimba pambio. Siku ya nane aliomba kuongezwa ndizi. Wiki mbili zilipokwisha, alikuwa analala mpaka alfajiri. Elihuruma alipomuuliza habari ya safari, alimjibu, "Safari gani? Nina kazi hapa."

Asubuhi moja alikuwa anafagia uwanja. Jirani, Mama Princess, akachungulia juu ya ukuta.

"Fransiska! Siku hizi unamtumikisha mama mkwe?"

Fransiska alikimbilia kuuchukua ufagio.

Bibi akainua uso. "Si yeye, Mama Princess. Mimi ndiye ninayemnyang'anya ufagio. Na wewe mbona umepoa hivyo? Vaa raba, tunatoka sasa hivi."

Mama Princess alicheka mpaka machozi. Kisha akaingia ndani kutafuta viatu.