Stika ya Gari Lingine

Maji ya moto nilichemsha mimi. Sikatai.

Mume wangu ni seremala. Pikapu yake ya zamani ilikufa injini, akanunua nyingine. Bima ya ile ya zamani ilikuwa bado na miezi saba. Basi akailowesha stika ya bima kwa yale maji ya moto, akaibandua taratibu kwa wembe, akaibandika kwenye kioo cha gari jipya.

"Inaruhusiwa hiyo, baba watoto?" nikauliza.

"Aliyeilipia nani, si mimi? Gari ni kama shati. Nikibadili shati, mimi si yuleyule?"

Nikacheka, mjinga mwenzake.

Jirani yetu ni mshonaji. Kibanda chake kinatazamana na karakana yetu. Kutwa alikuwa akikanyaga cherehani huku akimtania mume wangu: "Shemeji, kitanda changu utakimaliza nikiwa hai kweli?"

Asubuhi moja mume wangu alirudisha gari nyuma, limejaa vitanda. Nyuma haoni kitu. Jirani alikuwa ameinama anaokota kitambaa chake. Nilisikia yowe lake, na mimi nikapiga langu. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili.

Daktari akasema mguu utiwe vyuma haraka. Tukaenda kwa wakala wa bima, mume wangu kifua mbele.

Wakala alikuwa mama mpole. Alisoma karatasi, akatoka nje kutazama namba ya gari, akarudi akaketi.

"Baba, hii ni bima ya gari lingine."

"Jina si langu?"

"Jina lako, gari silo. Bima hii huandikwa kwa namba ya gari. Ukibadili gari, unakuja hapa kwanza, kabla halijaingia barabarani."

"Kwa hiyo haki yangu imepotea?"

Mama akavua miwani. "Haki yako? Bima hii ya lazima hailipi hata taa ya gari lako. Sheria inakutaka uikate kwa ajili ya mtu utakayemgonga. Haki ilikuwa ya jirani yako."

Mume wangu alilia mbele za watu. Nililia naye.

Tuliuza gari ili tumlipie matibabu. Lakini mnunuzi alipatikana baada ya wiki tatu, na mguu haukungoja. Uliunga umepinda. Cherehani ya kukanyaga ikawa basi tena.

Mwaka uliofuata tulipata gari jingine. Lilikaa karakanani siku mbili bila kusogea, mpaka bima ikaandikwa kwa namba yake. Jirani akaja na mkongojo wake, akaomba karatasi. Akasoma namba moja moja, akilinganisha na kibao cha gari.

"Zinafanana, shemeji," akasema. "Haya, washa. Nasimama huku nyuma nikuangalizie."

Akasimama palepale alipogongwa, mkono mmoja juu. Mume wangu alishika usukani, machozi yanamtoka. Hakuweza kuwasha gari.