Boksi la Vifaa Nililolitia Kufuli

Ndugu wasomaji, nina miaka ishirini na minne, ninakaa Kilindoni, Mafia, na ufundi wa pikipiki nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu. Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo sana. Nilitia kufuli boksi la vifaa ambalo tulilinunua wawili, mimi na Hamadi... Yote niliyoyapoteza yalianzia pale.

Hamadi ni rafiki yangu tangu madrasa. Wakati ule nilikuwa nimemposa dada yake, Rukia, na wazee walikuwa wamekubali. Hamadi akaacha kuniita kwa jina. Ikawa shemeji huku, shemeji kule.

Tulikuwa na skuta moja kuukuu. Ijumaa baada ya alasiri, vijana hushindana kwenye kipande cha lami kilichonyooka nje ya mji. Wenzetu walikuwa na pikipiki za gia, zenye nguvu. Walitucheka! "Hiyo mpeni mama akaendee sokoni!"

Lakini nilikuwa na siri. Ndani ya klachi ya skuta mna rola sita ndogo, kila moja kama pipi ya kifua. Zikiwa nzito, skuta huondoka kivivu. Ukizipunguza uzito sawasawa, injini hupandisha kasi kwanza, ndipo skuta huruka kama iliyochapwa. Nilizichonga kwa tupa, nikaenda kuzipima kwenye mzani wa sonara. Mara moja? Mara kumi na moja! Sonara akaniuliza, "Kijana, hii ni dhahabu ya mahari au ni wazimu?"

Tukashinda Ijumaa tatu mfululizo. Nilipaswa kufurahi... lakini mtu wa aina yangu hafurahi, huogopa.

Siku moja nilimwona Hamadi akicheka na kijana wa Ndagoni mwenye skuta kama yetu. Alikuwa anaonyesha kwa kidole upande wa klachi. Wiki iliyofuata skuta ya Ndagoni ikawa nyepesi ghafla. Nani aliyempa vipimo vyangu? Sikumuuliza Hamadi. Nilinunua kufuli, nikaweka ufunguo shingoni.

Aliliona. Alisema tu, "Shemeji, sasa na mimi ni mwizi?" Nikamwambia ni kwa ajili ya watoto wa jirani. Uongo!

Nikawa ninafanya kazi peke yangu. Nikachonga rola mpya, nikatia springi ngumu zaidi. Kwetu chumvi ya bahari inakula chuma, kwa hiyo kila nyumba hupaka vyuma vyake mafuta ya nazi, kuanzia panga hadi bawaba za mlango. Nami niliviviringisha vyuma vyangu vyote, rola, springi na zile puli mbili zinazozungusha mkanda wa klachi, kwenye kitambaa chenye mafuta, nikavifungia ndani ya boksi. Asubuhi ya Ijumaa nilivitoa, nikavifunga kwenye skuta, nikaenda kushindana na yule wa Ndagoni.

Wasomaji wangu... injini ilipiga kelele, skuta haikuondoka! Moshi ukatoka. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, leo skuta inakaanga vitumbua!" Watu wakavunjika mbavu. Hamadi peke yake hakucheka. Hata hilo nililifanya ushahidi. Kwa nini asicheke kama hana lake jambo?

Nikamwambia mbele ya wote kwamba ameniharibia klachi. Akakana. Sikutosheka. Nikaenda kwa maalim kumwomba asome halbadiri, ile dua nzito inayosomwa ili aliyetenda ubaya apatikane.

Maalim alinitazama sana. "Mwanangu, hii si dawa ya mafua. Ikiwa umemsingizia mtu, hukurudia wewe. Una hakika?"

"Nina hakika, maalim."

Hamadi mwenyewe alikuja akaketi mkekani. Alisema, "Soma, maalim. Na jina langu litaje kamili, na la baba yangu."

Ikasomwa. Kesho yake barua yangu ya posa ilirudishwa nyumbani, ndani ya bahasha ileile.

Kwa wiki mbili sikuigusa skuta. Kichwa kikiniuma, ninajiuliza, ndiyo imenirudia? Nikijikwaa, ninajiuliza... Hatimaye nilifungua kifuniko cha klachi nimtafutie Hamadi kosa la mwisho. Mkanda uling'aa. Puli zote mbili ziling'aa. Nikanusa kidole changu. Nazi iliyoungua!

Ni mafuta yangu mimi. Mkanda uliteleza kwa sababu ya mafuta yangu. Na nani angeweza kuyatia, wakati ufunguo ulikuwa shingoni mwangu?

Nilikimbilia kwa maalim nikilia. Akanituma nikaseme palepale nilipomsingizia. Ijumaa nilisimama mbele ya vijana wote nikasema. Hakuna aliyecheka. Hamadi aliniambia hivi: "Kila mara kabla hujazifunga kwenye skuta, nilikuwa nafuta zile puli kwa petroli. Hukuwahi kuniuliza kwa nini mikono yangu inanuka. Na yule wa Ndagoni nilimwonyesha mahali skuta yake ilipokuwa inavuja mafuta, basi."

Nilipima rola mara kumi na moja, nisimpime rafiki yangu hata mara moja!

Nilikwenda kwao. "Shikamoo, mama." Mama yake akajibu, "Marahaba," akarudi ndani, akaufunga mlango. Rukia ameolewa kijiji cha Kanga.

Vijana wenzangu, ukimshuku mtu wako, muulize. Muulize uso kwa uso, siku hiyohiyo, kabla hujanunua kufuli. Msipite nilikopita.

Siku hizi boksi liko kwa Hamadi, halina kufuli. Mimi ndiye ninayefuta puli kwa petroli. Tunafanya kazi pamoja Jumamosi, naye huniita kwa jina langu.