Shamba Lenye Jina la Savvas

Simela alikuwa juu ya ngazi tangu alfajiri, akichuma mapichi. Kiwanda cha kusindika matunda kilitaka mzigo kabla ya saa nne, na jua la Julai halikuwa na huruma. Mumewe, Theofilos, alipanga masanduku kwenye tela la trekta. Mama mkwe wa Simela, Parthena, alikaa chini ya mti akichambua. Mabovu aliyatupa, mazuri akayala.

"Mama, hayo mazuri ni ya kiwanda!" Simela alimwambia kutoka juu.

"Kiwanda kina meno?" Parthena akajibu, akaokota jingine.

Mara wakasikia pikipiki. Alikuwa Kleoniki, jirani yao. Kleoniki alikuwa tarishi wa kijiji kwa miaka thelathini, na sasa alikuwa amestaafu. Lakini tarishi mpya alikuwa mvivu. Aliziacha barua zote kwenye mgahawa na kwenda zake, basi Kleoniki akawa anazisambaza mwenyewe. Tuseme ukweli, alipenda pia kujua nani kaandikiwa nini.

"Barua ya serikali!" alisema. "Fungueni, msinitese."

Simela alishuka. Aliisoma mara mbili, kisha akapaza sauti.

"Theofilos, njoo! Wanasema shamba si letu!"

Serikali ilikuwa inachora ramani mpya ya ardhi ya Ugiriki nzima. Kila mwenye shamba alitakiwa kupeleka hati yake. Theofilos alikuwa amepeleka nakala ya hati yao wakati wa baridi. Sasa jibu lilikuwa hili: shamba la kando ya mto ni namba 41. Mmiliki ni Savvas Kotidis. Mwenye pingamizi alete ushahidi ndani ya siku tisini.

"Savvas? Alikufa kabla sijazaliwa!" Theofilos alifoka. "Wajukuu zake wako Ujerumani. Sisi ndio tunalima hapa, karibu miaka mia!"

"Utafanya nini?" Simela aliuliza.

"Nitanyamaza. Hao wajukuu hawajui lolote. Tukiwaamsha, watakuja kutunyang'anya."

Kleoniki aligeuza sanduku tupu akalikalia. "Nyamaza basi. Siku tisini zitapita, na jina la Savvas litabaki palepale. Hapo utamlilia nani, mipichi? Hiyo hati uliyopeleka, uliisoma?"

Theofilos akainamisha kichwa. "Maandishi yake ni ya kizamani. Nani anayaelewa?"

"Mimi. Peleka mzigo wako kiwandani, halafu tukutane nyumbani."

Saa tano walikuwa jikoni. Parthena alitoa hati nyuma ya picha ya Bikira Maria, ilikokaa miaka yote. Kleoniki alivaa miwani. Alisoma polepole, kidole juu ya kila neno.

"Pantelis Moisidis. Huyo ni babu yako, Theofilos. Amepewa shamba namba 88. Mlimani, karibu na kanisa dogo."

"Mlimani?" Simela aliruka kutoka kitini. "Hiyo si hati ya shamba letu!"

Hapo Parthena akaanza kucheka. "Ah, ile biashara ya Savvas! Nyie mmesahau? Savvas alipata shamba la mtoni, baba mkwe wangu akapata la mlimani. Savvas mwenyewe akaomba wabadilishane. Akaacha udongo mzuri, akachukua mawe! Wakashikana mikono, wakamega mkate. Mpaka leo mtu akipunjwa hapa nyumbani tunamwambia, umefanya biashara ya Savvas."

"Wakaandika?" Kleoniki aliuliza.

"Waandike nini? Walitoka kijiji kimoja kule Ponto, pwani ya Uturuki, walipanda meli moja. Kuandikiana ingekuwa matusi."

Kleoniki aligonga meza kwa furaha. "Hilo ndilo kosa letu sisi watoto wa wakimbizi! Simela, kuna karatasi? Chora." Simela alichukua kalamu ya mtoto wake. Alitaka kujua kila kitu.

"Anza na mwaka 1923," Kleoniki alisema. "Wanasiasa walikaa mezani Uswisi baada ya vita vya Wagiriki na Waturuki. Wakakubaliana kubadilishana watu. Wakristo wa Uturuki waje Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki waende Uturuki. Waliokuja huku walizidi milioni moja. Wale waliokuwa wanaishi kijijini hapa walifunga mizigo wakilia, na babu zenu walikuja wakilia. Hakuna aliyeulizwa."

"Ndipo wakagawana mashamba?"

"Kwa kura. Namba ziliwekwa ndani ya kofia ya padri. Kisha ikaja biashara. Wafanyabiashara wa tumbaku walinunua kila jani, na kijiji kikastawi. Baadaye bei ikaanguka. Ujerumani ilikuwa na viwanda vingi na watu wachache, serikali zikaandikiana mkataba, vijana wetu wakapanda treni. Mtoto wa Savvas alikuwa mmoja wao. Barua zake nilizibeba mimi."

Simela aliitazama karatasi. Vita, meli, kofia, tumbaku, treni. Yote yalikuwa yamepita juu ya shamba lake moja. Siku zote alidhani historia ni ya wafalme tu.

"Shangazi Kleoniki," alisema, "kama sisi tuna hati ya shamba lao, na wao wana hati ya shamba letu, basi hata wao wamekwama!"

"Umeiona mwenyewe! Tutafute namba yao ya simu."

Theofilos alisimama. "Msipige! Mtaniua!"

Namba ilipopatikana, Simela alipiga. Kule Stuttgart akapokea Aristea, mjukuu wa Savvas, muuguzi. Simela alitaja jina la ukoo wake.

"Moisidis?" Aristea akasema. "Nimewatafuta miezi minne! Ombi langu limekataliwa. Shamba la babu la mlimani lina jina la mtu wenu. Nilidhani mnataka kuliiba!"

"Na sisi tulidhani hivyohivyo kuhusu wewe!"

Wote wawili wakaangua kicheko. Theofilos alikaa chini kama gunia. Kleoniki alimnyang'anya Simela simu na kuanza kutoa maagizo. "Binti, sikiliza. Leta hati ya babu yako na cheti cha urithi. Hawa nao watafanya vivyo hivyo. Mtapeleka pingamizi ofisini kabla siku tisini hazijaisha, na mtasaini mabadilishano mbele ya wakili. Mkono hautoshi, mkate hautoshi. Iandikwe, kisha isajiliwe."

Aristea alikuja mwezi wa nane. Walikutana mjini, ofisini kwa wakili, hati mbili zikiwa mezani. Wakili alisoma kila mstari kwa sauti. Safari hii Theofilos alisimamisha kila neno asilolielewa, mpaka wakili akaanza kutoka jasho.

Walipomaliza kusaini, Parthena alimgusa Aristea begani. "Niambie, mwanangu. Babu yako alikuwa na akili timamu? Mtu anaachaje udongo wa mtoni?"

Aristea hakucheka. "Wakati ule kando ya mto palikuwa kinamasi, bibi. Malaria iliwaua watu wengi waliotoka melini. Babu alimzika mtoto wake wa kwanza, Evgenia, kabla mahindi hayajachanua. Alikuwa na miaka minne. Baada ya hapo hakuweza kulima pale. Babu yenu Pantelis hakuwa na mtoto bado, akakubali kukaa na mbu badala yake. Kwetu jina lake tunalitaja kila Pasaka."

Parthena alifunika mdomo kwa mkono. Miaka sitini alikuwa akisimulia kichekesho kile. Kumbe hakuna aliyepunjwa.

"Wakili," Simela alisema, "ongeza mstari mmoja. Andika kwa nini walibadilishana."

"Sheria haihitaji sababu, mama."

"Sisi tunaihitaji."

Wakili alimtazama, akachukua tena kalamu. "Jina la mtoto ni nani?"

"Evgenia," walijibu wote kwa pamoja.